Risala ya Wanafunzi wa Darasa la Kiswahili la Jumamosi, Perth, Australia, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, bibi yetu na mzee wa Wanoongar, wenyeji wa asili wa Perth; walimu wetu, wazazi na walezi: shikamooni.

Bibi, asante kwa kuitikia wito wetu. Wazazi wetu wengi walifika hapa kutoka Burundi, Kongo na Tanzania. Mwalimu alitwambia kwamba mgeni hupiga hodi, basi tumjue kwanza mwenye nyumba. Tukamsoma Fanny Balbuk Yooreel, mwanamke wa Kinoongar.

Alizaliwa mwaka 1840 kisiwani Matagarup (Heirisson kwa Kiingereza), katika mto Derbarl Yerrigan (Swan), miaka 11 tu baada ya Waingereza kuanzisha koloni lao hapa. Ilipo stesheni ya treni ya Perth palikuwa na kinamasi, na wanawake walikwenda pale kuvua kamba wa maji baridi na kutafuta chakula cha mimea. Njia ilinyooka kutoka kisiwani hadi kinamasini, naye aliifuata maisha yake yote. Mji ukaota juu yake, hakuiacha. Akikuta ua wa mbao, anauvunja kwa wanna, ile fimbo ya kuchimbia. Akikuta nyumba, anapanda ngazi, anapita vyumbani na kuendelea na safari yake. Kwenye geti la Ikulu ya Gavana alikuwa akisimama kuwalaani waliomo, maana humo ndani ya ukuta ndimo alimozikwa bibi yake. Tulipofika hapo katika kusoma, darasa zima lilinyamaza.

Aliyeyaandika haya ni mwandishi Daisy Bates, aliyekusanya habari za wenyeji wa asili, pamoja na nasaba ambazo Balbuk alizitaja kwa kichwa. Balbuk alifariki mwaka 1907. Karibu miaka 100 baadaye maelezo yake yakatumika mahakamani, Wanoongar walipodai haki ya ardhi ya Perth. Mwaka 2006 jaji aliwakubalia. Mwaka 2008 rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Kwetu sisi, ushahidi wa mama yule bado unasimama.

Tumeweka rula kwenye ramani, kisiwani hadi stesheni. Mstari wa penseli umekata barabara na majengo tunayoyapita kila wiki bila kujua.

Bibi, ombi letu ni moja: utembee nasi njia hiyo Jumamosi mojawapo, mwendo utakaouweza wewe, utufundishe kuyatamka majina ya mahali kama yeye alivyoyatamka. Chai na maandazi akina mama wameahidi kubeba.

Tunaomba kuwasilisha.