Kitum haiko Kaberwa, Mhariri

Bwana Mhariri,

Ile makala yenu ya Jumamosi kuhusu "njia ya siri" ya kupanda Mlima Elgon bado imebandikwa ukutani kwa kinyozi wetu hapa sokoni Kaberwa, na kila nikienda kunyolewa inanipandisha hasira upya. Mara ya mwisho kuwaandikia ilikuwa 2009, kuhusu bei ya mahindi, na mkaikata barua yangu nusu. Hii naomba msiikate.

Siri gani hiyo? Njia inayopita kando ya boma langu babu aliswagia ng'ombe kwenda malishoni Chepkitale. Baba akaipita, nami nikaipita na kifimbo mkononi kabla sijajua kusoma. Ina jiwe bapa la kuvukia kijito na kona ambapo akina mama hutua kuni. Miaka ya 2006 hadi 2008, watu walipokuwa wakiuawa hapa mlimani kwa mapigano ya ardhi, vijiji vikihamwa, hakuna mwandishi aliyekuja kuigundua.

Lakini hilo ningelimeza. Kidonda chenyewe ni pale mwandishi wenu alipoandika kwamba mwisho wa njia hiyo, "hatua chache tu", utalikuta pango la Kitum ambamo ndovu huramba chumvi. Ndovu ni kweli. Huingia humo usiku, wakapapasa gizani, wakabomoa ukuta kwa pembe na kutafuna mawe yenye chumvi. Ila Kitum iko Trans Nzoia! Unafika Kitale, unapita Endebess, unaingilia lango la Chorlim. Sisi tuko Bungoma, ubavu mwingine wa mlima. Huyohuyo mwandishi aliwaahidi wasomaji kilele cha mita 4,321. Hicho ni Wagagai, na kiko Uganda. Wengi wanaopandia upande wa Kenya huishia Koitobos, mita 4,222. Haya, mita 99 tumsamehe. Pango siwezi.

Siwezi kwa sababu Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, walisimama watu 9 kwenye lango langu, raba nyeupe kama za kwenda harusini. "Mzee, Kitum ni juu huku?" Nikasema Kitum si huku. Kijana mmoja akanitazama kwa huruma, akakunjua gazeti lenu na kunionyesha kwa kidole, kana kwamba mimi niliyezaliwa hapa ndiye niliyepotea. Nikawashauri warudi Kimilili wapande matatu ya Kitale. Wakacheka. Nikawaambia basi, mkikaidi, saa saba iwakute mmeshaanza kushuka, maana ukungu wa hapa haupigi hodi. Wakanipiga picha, wakaenda. Saa nane mlima haukuonekana tena. Saa mbili usiku kijana wa bodaboda aliyewaleta akaja mbio: mmoja wao amempigia simu, analia, hajui yuko wapi, kisha simu imekata. Tukatoka watu 6 na tochi 4, na jirani yangu mwenye goti bovu ambaye tulimkataza akatufuata. Tulipiga mbinja mpaka midomo ikafa ganzi. Ilikuwa saa sita kasorobo tulipowasikia ndani ya mianzi, wameketi duara kuizunguka simu moja inayokaribia kuzima kama watu wanaoota moto. Msichana mmoja alikuwa amevaa soksi mikononi na mguu mmoja hauna kiatu, tope lilikuwa limekimeza. Nikavua gambuti zangu nikampa, nikateremka mlima kwa soksi, miaka yangu 67 hii. Yule kijana wa huruma alinisogelea taratibu akauliza, "Mzee, hii ndiyo njia?" Sikumjibu. Nilimpa mkono kwenye jiwe bapa, akavuka.

Walilala jikoni kwangu. Asubuhi mke wangu akawapa ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu. Mmoja akaurudisha mursik eti una majivu. Waliondoka wakaacha lango wazi, mtamba wangu akaingia kwenye vitunguu vya jirani (huyohuyo wa goti) na nikalipa shilingi 3,000. Jumatano mjukuu akanionyesha video yao mtandaoni: "Tulivyoushinda Elgon." Sisi tumo pia. Tunaonekana kama tochi 4 kwa mbali.

Na kwa kuwa kalamu iko mkononi. Kijana wetu akiingia msituni kumtafuta ndama aliyepotea anaulizwa kibali, panga lake linachukuliwa, siku nzima imekwisha. Watu 9 wanapita mchana kweupe, hakuna anayewauliza hata wanaenda wapi. Angalau mtu mmoja angewauliza hilo, wangejua hawajui. Halafu ile picha yenu ya nyumba inayofuka moshi Chepkitale, mkaandika chini yake "mandhari tulivu". Tulivu! Chepkitale ilitangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, na wenyewe, Waogiek, wakazunguka kortini miaka na miaka wakidai kwao hadi mahakama ya Bungoma ilipoamua upande wao mwaka 2022. Moshi mmeuona. Aliyewasha moto hamkumwandikia hata mstari mmoja. Mlimwuliza mtu yeyote wa huko chochote, au mliuliza dereva?

Sitaki fidia. Nataka marekebisho, ukurasa uleule, herufi ukubwa uleule wa kichwa cha habari: KITUM HAIKO KABERWA. Chini yake wekeni picha ya lango la Chorlim ili hata asiyesoma aone kwamba halifanani na langu. Mkinitumia nakala 10, moja nitaibandika kwa kinyozi juu ya ile ya kwanza, nyingine nitazipigilia misumari kwenye miti kuanzia sokoni hadi kwenye kijito. Misumari ninayo. Mwandishi wenu akitaka kugundua kingine, agundue barabara yetu wakati wa mvua, aje kwa miguu, aje bila raba nyeupe.

Na yule msichana, kama anasoma gazeti lenu, gambuti zangu ni nyeusi, namba 9, ya kushoto ina kiraka cha tyubu ya baiskeli kwenye kisigino. Aziache kwa makarani wa matatu pale stendi ya Kimilili, aseme ni za mzee wa Kaberwa. Mvua imeanza.

Mfugaji,
Kaberwa, Bungoma