Jumuiya ya Afrika Mashariki ichangiwe kama kikoba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu hela za Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, maana Bunge lake pale Arusha limeshawahi kuahirisha vikao kwa kukosa fedha na huku mitaani sioni watu wakishtuka, wakati mi nauza vitunguu, natoa Mang'ola napeleka Nairobi, Jumuiya ikilala na mimi nalala njaa.

Nianze na kikoba chetu. Kila Alhamisi saa kumi jioni tunakaa uani kwa mwenyekiti, sanduku letu la bati lina kufuli tatu na funguo zake wanakaa nazo wanawake watatu tofauti, mmoja asipofika halifunguliwi. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, kila mtu anatoa shilingi elfu moja, awe anauza mchicha au ana duka la jumla. Hisa sasa ni kwa uwezo, mwenye kidogo ananunua moja, mwenye nacho ananunua mpaka tano. Ukichelewa unalipa faini kabla hujakaa, halafu mweka hazina anasoma majina kwa sauti, nani ametoa na nani anadaiwa, wote tunasikia.

Jumuiya yenyewe inakwendaje? Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ibara ya 132, unasema nchi wanachama zichangie bajeti sawa kwa sawa. Kipindi kile walikuwa watatu, Kenya, Uganda na Tanzania, ikaeleweka. Leo tuko nane, Rwanda na Burundi waliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, na kwa miaka mingi Burundi ameambiwa alete sawa na Kenya. Ndo maana kwenye taarifa za madeni majina ya Burundi, Sudan Kusini na Kongo hayakosekani, na siwatetei, deni ni deni, ila hata kikoba cha mtaani kinajua kutenganisha kile cha wote sawa na kile cha kila mtu kwa uwezo wake. Hiyo kanuni ya kuchanganya, sehemu sawa na sehemu kwa uwezo, imezungumzwa Arusha miaka nenda rudi.

Na faini ipo jamani, ibara ya 143 inasema nchi isiyotimiza wajibu wake wa fedha itachukuliwa hatua ambayo Wakuu wa Nchi wataamua. Ila Wakuu wa Nchi wanaamua kwa maafikiano, yaani mpaka wote wakubali, na mdaiwa mwenyewe yupo mezani anasubiriwa aseme ndiyo, nani atakubali kujipiga faini?

Matokeo yake tunaegemea wafadhili. Makao makuu ya Arusha yaliyofunguliwa 2012 yamejengwa kwa hela ya Wajerumani. Kituo cha pamoja cha mpakani Namanga, walichozindua Magufuli na Uhuru Kenyatta Desemba 2018, ni hela ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Wajapani. Sisemi tuikatae, kile kituo kinatusaidia sana. Ila mgeni akisaidia ana siku yake ya kuondoka. Kuna mpaka mwingine, siutaji, palikuwa na dada kwenye dawati dogo kazi yake ni kutusaidia sisi wafanyabiashara wadogo kujaza ile fomu rahisi ya mzigo usiozidi dola 2,000, anakuonyesha wapi uandike kilo, wapi uweke sahihi, dakika kumi umemaliza. Siku moja nafika na gunia zangu arobaini nakuta dawati tupu, kiti kimeinamishwa juu ya meza, nauliza naambiwa mradi uliokuwa unamlipa umeisha. Nikakaa pale mpaka giza, mvua ikanyesha, turubai lilikuwa limetoboka, gunia sita zikaloana na vitunguu vikianza kuota huna wa kumuuzia.

Wazo langu ni kwamba tusisubiri kila hazina ijisikie kutuma. Makato yafanyike bandarini. Afrika Magharibi wana ushuru wa jumuiya yao, asilimia 0.5 ya bidhaa zinazotoka nje ya kanda, na Umoja wa Afrika ulikubaliana Kigali mwaka 2016 asilimia 0.2. Najua hata huko wapo wanaokusanya halafu wanakalia, kwa hiyo kwetu hela iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya Jumuiya, isipite hazina ya mtu. Njia ipo tayari, toka 2014 mfumo wa himaya moja ya forodha unaruhusu mzigo wa Kampala au Kigali ulipiwe kodi ukiwa bado Mombasa au Dar. Na wanaoagiza vingi ndo watakaotoa vingi bila kugombana.

Watu wataniambia tuna mambo makubwa zaidi, sarafu moja. Itifaki yake imesainiwa Kampala 2013, ilikuwa tuipate 2024, sasa wanasema 2031, na masharti yake ni nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanayozidi mapato, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa na deni lisizidi asilimia 50. Sasa serikali iliyoshindwa ada ya uanachama nani ataibana kwenye nakisi? Tuanze na hii ndogo.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa reli ya Jumuiya ile ya kwanza. Ilipovunjika 1977, nchi zikiwa zinagombania madeni na michango ya reli na ndege, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983 na yeye akabaki anadai mafao, karatasi zake akiziweka kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati, kila akisikia wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya wanaitwa Dar anaushusha, anazipanga upya, anapanda basi. Amefariki mfuko ukiwa bado upo.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu tisa tuliowapeleka kule, mkirudi ukumbini pelekeni hoja kila miezi mitatu itangazwe kwa Kiswahili, redioni na magazetini, nchi gani imelipa, imelipa kiasi gani na ipi inadaiwa tangu lini. Asomewe kila mmoja jina lake, na Tanzania ikiwemo.

Ni mimi mfanyabiashara wa vitunguu,
Arusha