Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: kiwanda nacho kitoe ripoti

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: RIPOTI ZA MIRADI YA UTAFITI YA UBIA KATI YA VYUO VIKUU NA VIWANDA

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu cha umma, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mtafiti mkuu wa miradi inayolipiwa na fedha za Serikali na kufanywa pamoja na viwanda. Ningeweza kukuandikia kupitia kwa mkuu wa idara, kisha kwa mkuu wa ndaki, kisha kwa makamu mkuu wa chuo. Nimeona niandike wazi kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wengi: wahadhiri wenzangu, wenye viwanda, na mlipa kodi ambaye hajui hata kwamba naye ni mbia.

Katika miradi yote niliyoshiriki, anayetoa ripoti ni chuo peke yake. Kiwanda kinasaini hati ya makubaliano, tunapiga picha ya pamoja mbele ya bango, na kuanzia hapo hakiulizwi tena kitu chochote kwa maandishi. Ninachoomba ni kwamba kiwanda nacho kitoe ripoti, kwa kalamu yake na sahihi yake, na kiendelee kuitoa hata fedha za mradi zikishaisha.

Nitoe mfano ninaoujua vizuri. Tulikuwa na mradi wa kukausha mahindi. Habari ya sumukuvu unaifahamu, Mheshimiwa. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuvu wanaoitengeneza hustawi kwenye nafaka yenye unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mkulima anayevuna mvua ikiwa bado inanyesha, anayeanika kwenye turubai na kukimbia kuyafunika kila wingu likitanda, hafiki hapo kirahisi. Kwa hiyo sisi tukabuni kikaushio, kiwanda kidogo cha unga kikatoa eneo, umeme na mafundi, na fedha zikatoka serikalini.

Ripoti ya mwisho ilikuwa nene, ya kupendeza. Bangokitita, lile jedwali la malengo na vipimo vya mradi, lilijaa kila chumba: warsha zilizofanyika, washiriki wanaume na wanawake, vijana, makala zilizochapishwa, wanafunzi wa uzamili waliohitimu. Masurufu, yaani fedha tulizopewa mapema kwa ajili ya kazi, yalirejeshwa, risiti za EFD zikapangwa kwa tarehe, mkaguzi wa ndani akaridhika. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliouliza kama kikaushio kinakausha.

Na kilikuwa kinakausha, ila si kile tulichokichora. Sisi tuliweka kichomeo cha gesi, moto ukipuliza hewa yake moja kwa moja kwenye nafaka. Gharama ya gesi ilipokishinda kiwanda, fundi wao, kijana aliyesomea uchomeleaji chuo cha ufundi cha VETA, alikiondoa kichomeo, akajenga tanuri pembeni na kupitisha humo mabomba ya chuma ili hewa ipate joto bila kugusana na moshi. Akaanza kuchoma magunzi, maana uani kwao kuna mashine ya kupukuchua na magunzi yalikuwa yakirundikana bure. Kwa jicho la mhandisi hilo si kiraka. Ni ubunifu mwingine kabisa, na una maswali yake ya kitaalamu: mabomba yatadumu muda gani, joto linatulizwaje lisiunguze punje, masizi yanasafishwaje. Mimi niliyajua hayo kwa kupita tu, mradi ukiwa umeshafungwa zamani. Hakuna ripoti yoyote inayomtaja yule fundi wala tanuri lake. Kilichohifadhiwa kabatini, chenye mhuri, ni mchoro wa gesi usiotumiwa na mtu. Chuo kingine kikiomba fedha kesho za kubuni kikaushio, mchoro huo ndio kitakaopewa.

Siwalaumu wakaguzi. Fedha za umma lazima zihesabiwe, na anayeona kero kurejesha masurufu kwa wakati asiombe fedha za umma. Tatizo ni kwamba ripoti ya matumizi na ripoti ya matokeo ni vitu viwili, na sisi tumeviweka kwenye jalada moja mpaka cha kwanza kikameza cha pili. Tena kwa kuwa fungu la awamu inayofuata linategemea ripoti ya awamu iliyopita, watu wanaandika funika kombe mwanaharamu apite. Mtafiti atakayeandika waziwazi kwamba tulijaribu njia hii ikashindikana, na sababu ni hizi, anajiona amejikata mwenyewe. Matokeo yake, vyuo viwili vinaweza kushindwa jambo lile lile kwa sababu ile ile, kila kimoja kwa fedha mpya.

Hapo niongeze la tuzo. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuwatuza watafiti wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa, shilingi milioni 50 kwa makala. Ni jambo jema. Lilitupa heshima wakati ambapo mhadhiri alikuwa akisikika zaidi anapodai posho. Lakini limeongeza uzito upande ambao tayari ulikuwa mzito. Makala ina jarida, ina tarehe, inahesabika. Kiwanda kilichokuwa kikirudisha mizigo ya mahindi kwa sababu ya unyevu, na sasa kimeacha, hakina pa kuhesabiwa, kwa kuwa mwenye takwimu hizo ni kiwanda na hakuna aliyekiuliza.

Wenzetu wamelishughulikia hili kwa sheria. Afrika Kusini wana Sheria Na. 51 ya 2008 inayohusu miliki bunifu inayotokana na utafiti uliolipiwa na umma. Mtafiti anatakiwa kuitaarifu taasisi yake ndani ya siku 90 tangu atambue kwamba ana uvumbuzi, na taasisi inaripoti mara mbili kwa mwaka kwa ofisi iitwayo NIPMO kuhusu miliki inayoilinda na hatua iliyofikiwa katika kuiingiza sokoni. Kipo pia kifungu ninachokipenda zaidi: kampuni ikilipa gharama yote ya utafiti, pamoja na gharama zisizoonekana kama majengo na utawala, kazi hiyo haihesabiwi kuwa ya fedha za umma. Mwenye kutaka siri kamili anajua bei yake. Anayetaka umma umsaidie kulipa, naye anajua anadaiwa nini.

Marekani walianza mapema, kwa sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, inayohusu uvumbuzi unaotokana na utafiti uliolipiwa na Serikali. Chuo kina miezi miwili ya kuitaarifu Serikali tangu mtafiti aueleze uvumbuzi wake kwa maandishi, na baada ya hapo Serikali inaweza kudai ripoti za mwaka kwa mwaka kuhusu matumizi yake. Hata hivyo, mwaka 1999 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao, GAO, ilipofuatilia, ilikuta kumbukumbu za uvumbuzi huo zina mapengo na hazilingani kutoka daftari moja hadi jingine. Nalitaja hili ili tusije tukadhani kutunga kanuni kunatosha. Ripoti isiyosomwa na mtu huharibika hata kwa matajiri.

Najua pingamizi la kwanza litakalofika mezani kwako: viwanda vitakimbia. Ni vichache tayari, na tumevibembeleza miaka mingi. Tukiviletea makaratasi vitafunga mlango. Pingamizi hilo lina ukweli. Mwenye kiwanda cha unga hana ofisi ya miradi. Ana mhasibu mmoja, simu mbili na foleni ya malori. Ukimpelekea fomu ya kurasa 20 kwa Kiingereza ataisaini bila kuisoma, au atamwita mhadhiri aje amjazie, na hapo tutakuwa tumerudi kule kule. Fomu yake iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Iulize alichotoa yeye: eneo, umeme, mshahara wa mafundi, malighafi iliyoharibika kwenye majaribio. Iulize anachotumia sasa na asichotumia, na amebadilisha nini tangu watafiti waondoke. Swali hilo la mwisho lisainiwe na fundi pamoja na meneja. Nalisisitiza kwa sababu meneja anajua kwamba mashine inafanya kazi, ila anayejua kwa nini ni fundi.

Pingamizi la pili ni siri za biashara, na hilo si la kupuuza. Kiasi kinachokaushwa kwa siku, jina la mnunuzi mkubwa, faida kwa kila gunia: hakuna mfanyabiashara atakayeandika hayo akijua mshindani wake wa mtaa wa pili atayasoma. Hata chuo kina la kuogopa, kwa kuwa uvumbuzi ukishatangazwa kabla ya maombi kufika BRELA, wakala anayesajili uvumbuzi, haki ya hataza, yaani ulinzi wa kisheria wa mvumbuzi, inaweza kupotea. Basi ripoti iwe na sehemu mbili. Moja ya wazi: nani walishirikiana, umma ulitoa kiasi gani, kiwanda kilitoa nini, kilichofanikiwa na kilichoshindikana, na mwenye miliki ni nani. Nyingine ifungwe kwa muda unaojulikana, na sababu ya kuifunga iandikwe. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, nayo inatambua kwamba si kila taarifa hutolewa hadharani. Ninachokataa ni tabia ya sasa ya kufunga kila kitu kwa kisingizio cha siri moja, mpaka hata mhadhiri wa chuo jirani anayetaka kujua kama jambo limeshajaribiwa inabidi apige simu kwa marafiki.

Chombo cha kusimamia haya hakihitaji kuundwa. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ipo kwa Sheria Na. 7 ya 1986, kazi yake ikiwa ni kuratibu utafiti nchini, na mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, uko chini yake. Kinachohitajika ni sharti moja ndani ya mikataba ya fedha, kwamba sehemu ndogo ya fungu ibaki bila kulipwa mpaka ripoti ya kiwanda ifike, na afisa mmoja ambaye kazi yake itakuwa kuzisoma. Nasema kuzisoma, si kuzipokea. Azisome, ampigie mwenye kiwanda, amuulize pale asipoelewa, na kila mwaka aandike kurasa chache za Kiswahili kuhusu tulichojifunza. Afisa huyo angeokoa fedha nyingi kuliko kitengo chochote cha tathmini ninachokijua.

Wakati wenyewe ni huu. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, umevitaka vyuo vikuu vya umma viwe na kamati za ushauri zenye watu kutoka viwandani. Majengo tunayaona yakipanda. Kamati nazo zinakutana, na nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo ambamo mkurugenzi wa kiwanda alisema mambo mazito kuhusu wahitimu wetu, yakaingia kwenye muhtasari kwa maneno haya: wajumbe walijadili na kutoa maoni. Mkopo tutaulipa hata kama maoni hayo yatapotea.

Wizara ikitaka kujaribu kabla ya kubadili mikataba, ianze na miradi iliyokwisha kufungwa. Majina ya viwanda vilivyoshiriki yamo kwenye majalada. Vipelekewe karatasi moja yenye maswali matatu: kile mlichopewa mnakitumia, mmekibadilisha nini, na kama hamkitumii, kiko wapi? Bahasha iandikwe jina la meneja, na chini yake yaongezwe maneno "pamoja na fundi mkuu". Yule kijana wa tanuri la magunzi bado yuko pale pale kiwandani, na mara ya mwisho nilipoongea naye alikuwa akitafuta mabomba mazito zaidi, maana ya kwanza yameanza kutoboka. Wala hadai alipwe chochote. Anataka kujua kama kuna mtu mwingine nchini aliyeshajaribu, ili asianze upya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhadhiri na mtafiti mkuu, chuo kikuu cha umma

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, COSTECH