Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze kamati ya chama chetu cha baiskeli imefanya nini. Mwaka huu naanza na pale tulipoumia, maana baadhi yenu mlikuwepo na mtanikatiza nikijaribu kuficha.

Mkutano uliopita uliiagiza kamati itafute njia ya changarawe ya siku mbili, inayokwepa lami kadiri inavyowezekana: kuanzia Buhongwa, kupita Usagara na Ukiriguru, kuteremka bonde la Mto Magogo kusini mwa Misungwi, kurudi kwenye Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria na kuvuka Kigongo kwenda Busisi, kisha kumalizia kwenye vilima vya msitu wa Buhindi upande wa Sengerema. Kazi ya kuichora nilijitwisha mwenyewe. Niliichora usiku nikiwa sebuleni, kwa simu. Kwenye picha za setilaiti bondeni palionekana njia iliyonyooka kama uzi, haina kona wala mlima. Nikajipongeza.

Aprili tukaenda kuijaribu, watu tisa, masika yamekolea. Mita mia za kwanza hazikuwa na neno. Kisha tairi zikaanza kunenepa. Udongo mweusi ulijisokota tairini, ukajaa kati ya tairi na fremu, magurudumu yakagoma kuzunguka. Ukiibeba baiskeli begani, viatu navyo vinanenepa. Mwenzetu mmoja alilazimisha kukanyaga. Gia ya nyuma ikang'oka ikaingia kwenye spoki, na ringi ikapinda. Kipande ambacho simu ilisema hakifiki hata kilomita tatu kilitula asubuhi nzima.

Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe alitutazama kwa muda. Tulipomwamkia aliitikia, akauliza ni nani aliyetuelekeza huko. Nikamjibu kwamba ni simu. Hakucheka, na afadhali angecheka. Akatueleza kwamba hapo ni mbuga, yaani udongo mzito wa bondeni, na kwamba wenye baiskeli wote wa pale, wauza maziwa na wabeba mkaa, masika ikiingia hupita juu kwenye luseni, ule mchanga wa vilimani, hata kama wanazunguka. Mkokoteni wake ndio uliozitoa baiskeli zetu. Fedha alikataa, tukabaki na "wabeja" zetu, asante za Kisukuma, mdomoni.

Kosa lile ni langu, si la kamati, na gharama ya gia na ringi nimeilipa.

Aibu hiyo ilinifanya nianze kuuliza. Wasukuma wenzetu walio wakulima wanajua haya tangu utotoni. Sisi wa mjini ndio tumeyasahau. Juu, chini ya mawe ya granaiti, kuna luseni, mchanga unaomeguka kutoka kwenye mawe yenyewe. Unakunywa mvua upesi na haugandi tairini. Ukishuka unakutana na ibambasi, ardhi ya kijivu iliyo ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi, na yenye utelezi wa sabuni ikilowa. Chini kabisa ndipo ilipo mbuga, udongo mzito unaopasuka nyufa ukikauka na kuvimba ukipata maji. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani kule Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hii kutoka kilele hadi bondeni na kuuita katena. Jina la kitaalamu alilitoa yeye, lakini majina ya ngazi zake huku kwetu yalikuwepo tayari. Na sisi kila wikendi tunapita kando ya Ukiriguru, kituo cha utafiti ambacho herufi zake mbili za mwanzo, UK, ndizo jina la mbegu za pamba za kanda hii, bila hata siku moja kumuuliza mtu wa pale kuhusu ardhi tunayoikanyaga.

Kuanzia Juni tuliichora upya, safari hii tukiwafuata wauza maziwa nyuma. Njia mpya ni ndefu kuliko ya kwanza. Inashika mgongo wa vilima, inapita kati ya mawe na miti iliyobaki, na inashuka bondeni mara moja tu, penye kivuko chenye sakafu ya mawe. Mchanga wake unachosha mapaja. Ukiwa na tairi pana, kama milimita 40, punguza upepo kidogo utaelea; ukizijaza kama unakwenda lamini, utachimba mtaro. Miiba ni habari nyingine. Mvua zikikatika mbigili hutapakaa njiani, na Julai tuliziba pancha mpaka solushoni ikatuishia. Walioweka dawa ya kuziba ndani ya tairi zisizo na tyubu walitucheka hadi tairi ya mmoja wao ilipochanwa na jiwe.

Hapa niseme neno kuhusu mjadala unaorudi kila kikao, kwamba asiye na baiskeli ya changarawe yenye usukani wa kupinda si mwenzetu. Kijana aliyetuongoza Juni alikuwa na Phoenix ya chuma isiyo na gia hata moja, na madumu mawili kwenye karia. Tulimpata pale tu aliposimama kupima maziwa. Sitaki kuusikia tena mjadala huo.

Sasa jambo la afya, na hili mlichukue kwa uzito. Siku ile ya matope tulipofika ufukweni tuliingia ziwani mpaka mapajani kuosha baiskeli. Wiki kadhaa baadaye wawili kati yetu walianza kuumwa tumbo na kuchoka bila sababu, walipopimwa wakakutwa na kichocho. Wamepewa prazikwanteli na wamepona. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na huingia kupitia ngozi. Havihitaji kidonda, wala unywe maji. Hivyo tangu sasa baiskeli za chama haziogeshwi ziwani wala madimbwini. Maji ya bomba, au acha matope yakauke uyabandue kwa kijiti.

Kuhusu Kigongo. Tarehe 19 Juni Rais Samia alizindua daraja la J. P. Magufuli, na zile kilomita 3 za maji tulizokuwa tukizisubiria kivuko tunazikata kwa dakika chache. Nakiri nakikumbuka kivuko. Pale ndipo tulipokuwa tukila mahindi ya kuchoma na kungoja waliochelewa. Sasa waliochelewa wanachelewa peke yao. Mchana upepo wa ziwa unapiga ubavuni na malori ni mengi, kwa hiyo darajani tunakwenda mmoja nyuma ya mwingine, na tunavuka kabla ya saa tano asubuhi. Atakayesimama katikati kupiga picha atarudi Buhongwa.

Buhindi tulifika mara mbili. Ya kwanza tulirudishwa, kwa haki kabisa, kwa sababu lile ni shamba la miti la TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, nasi tulikwenda bila kibali kana kwamba ni uwanja wa mpira. Mara ya pili, Septemba, kibali kilikuwa mkononi. Ndugu zangu, barabara za msitu ule ndizo changarawe bora tuliyopata mwaka mzima: ngumu, kavu, zinapanda na kushuka katikati ya mipaina, na kelele pekee ni ya tairi zako. Sharti ni kutopita kwenye njia za kukinga moto zinazokata mlima wima, maana tairi zikishachimba mfereji, mvua inaumalizia. Na hakuna sigara, hata ukiwa umesimama.

Mwezi huohuo wanachama wawili walipanda basi hadi Kigali kutazama mashindano ya dunia ya baiskeli, ya kwanza kufanyika Afrika. Walirudi wamekauka sauti. Mashindano yale yalikuwa ya lami. Ya dunia ya changarawe yalianza 2022 huko Italia, na hatujaacha kuota.

Fedha ataziongelea mweka hazina. Mimi naongeza tu kwamba wanaodai chama kinadorora wengi wao hawajalipa ada.

Wanawake bado ni wachache, na sababu nimeambiwa wazi na wao wenyewe: kukutana saa 11 alfajiri maana yake ni kupita gizani peke yao. Kamati imesogeza muda.

Ninaomba mkutano upitishe mambo mawili. Njia ya bondeni ifungwe Machi hadi Mei, na wakati wa vuli ifungwe kila mvua kubwa inaponyesha, bila kunijia na picha ya setilaiti. Pili, tutenge posho ya mwenyeji wa kutuongoza kila tunapofungua njia mpya, na kabla ya kuingia kijijini twende kwa mtendaji kujitambulisha. Sungusungu waliotusimamisha Julai waliona watu wenye kofia ngumu na miwani myeusi wakitokea porini. Mimi pia ningewasimamisha.

Safari ya kwanza ni Jumamosi ya kwanza ya Februari, kabla masika haijaingia. Tunakutana Buhongwa saa 12 na nusu asubuhi. Tyubu mbili, viraka, solushoni mpya, maji ya kutosha. Tunaanzia na luseni.

Mwenyekiti
Mwanza, Januari 2026