Mikumi na Ruaha, tunarudi tena

Wadau, habari za leo. Safari imeiva. Usiku wa kwanza tunapiga hema Hifadhi ya Mikumi, kesho yake Iringa kujaza mafuta na maji, halafu Hifadhi ya Ruaha. Najua Mikumi wengi mmeiona, tena kwa dirisha la basi, maana barabara kuu inakatiza mle mle. Safari hii tunaingia ndani, uwanda wa Mkata alfajiri.

Ruaha msivae bluu wala nyeusi, mbung'o watawamaliza. Vyakula vyote vinalala kwenye gari, si hemani. Nyani wanajua kufungua zipu kuliko baadhi yetu (mhusika anajijua 😂).

Getini hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo michango imfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa. Mwenye jiko la gesi la ziada aseme.