Tairi limepata pancha: lizibwe au libadilishwe?

Ukikuta msumari umenasa kwenye tairi, usiuchomoe. Ukiwa pale pale unazuia upepo usitoke wote kwa mkupuo, na fundi ataona umeingia kwa pembe gani. Tairi likiwa na upepo kiasi, lijaze hadi kipimo chake uendeshe polepole mpaka kwa fundi. Likiwa limelala kabisa, funga spea hapo hapo ulipo.

Kwanza sisi mafundi tunaangalia tundu liko wapi. Chini ya kashata, yaani sehemu yenye mifereji inayokanyaga barabara, kuna mikanda ya waya za chuma, sehemu hiyo haijikunji sana na kiraka hushika. Ubavu na bega la tairi hujikunja kila gurudumu linapozunguka, na nyuzi za ndani ndizo zinazobeba uzito. Zikikatika, kiraka hakiziungi, na tairi linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Ubavu hatuzibi, hata tundu liwe dogo kama la sindano.

Kwenye kashata, kikomo ni tundu la milimita 6. Tundu linalopitisha kalamu ya risasi limeshazidi.

Ila mara nyingi kinachoua tairi si msumari, ni ule mwendo wa kulikanyaga likiwa halina upepo. Rimu husaga ubavu kwa ndani huku nje pakionekana pazima. Tukilitoa kwenye rimu tunakuta vumbi jeusi la mpira, laini kama masizi, na mstari uliochubuka kuzunguka ubavu. Hilo halizibwi tena. Ndiyo maana hatukubali kuchomeka kamba ya mpira kutoka nje na kukuaga: kamba ikufikishe kwa fundi tu, kwa sababu hakuna aliyeona ndani.

Kiraka sahihi kina umbo la uyoga. Tunalainisha tundu kwa drili, tunakwaruza mpira wa ndani, tunapaka gundi na kuisubiri ikauke hadi ibaki kunata kidogo, kisha tunavuta shina kutoka ndani lijaze tundu lote. Kiraka bapa peke yake huzuia upepo, lakini tundu hubaki wazi kwa nje. Maji huingia, waya hushika kutu na kashata huanza kuachana. Baada ya kujaza upepo tunapaka maji ya sabuni kwenye tundu, ukingo wa rimu na valvu, tukitafuta mapovu, halafu tunafanya balansi.

Kabla ya kulipia kiraka, tazama vinundu vilivyo ndani ya mifereji ya kashata. Kashata ikishuka hadi usawa wa vinundu hivyo, imebaki milimita 1.6, na kuziba ni kupoteza hela. Ukinunua jipya, lilinganishe na mwenzake wa ekseli ile ile; likimzidi sana kwa kina cha kashata, nunua mawili.

Tairi lililozibwa lipime asubuhi yake likiwa baridi, na tena baada ya wiki. Likipungua, lirudishe.