Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha wavuvi, mwaka 2024

Wazee wangu, ndugu wanachama na mama zangu wa dagaa, salaam. Hesabu atasoma mhazini, mie sizigusi maana mwaka jana nilizisoma mkanizomea. Nyavu za mkopo zimelipwa, choo cha pale diko, tunapopaki boti, kimeisha. Haya, nije kwenye upepo.

Mnakumbuka kile kimbunga Jobo, mwezi wa nne 2021, tulivuta ngarawa mpaka chini ya minazi tukakaa tunaingoja, ikafika karibu na pwani imeshakufa, tukarudi baharini tunawacheka watu wa hali ya hewa. Ndo maana Hidaya ilipotangazwa mwezi wa tano mwaka huu nusu yetu hatukushtuka. Boti 2 hazikupandishwa, wenyewe wapo hapa siwataji, moja tuliikuta kwenye mikoko imepasuka ubavu na mashine imejaa mchanga. Kimbunga kiliingilia Mafia tarehe 4, huku Kilwa mvua ikamwagika, barabara ikakatika Somanga, magari ya barafu yakakwama, samaki wote tukawapiga chumvi.

Baada ya hapo kamati ikamuomba mtaalamu mmoja wa hali ya hewa aje. Hata hajakaa mzee mmoja akamdaka, mbona Jobo mlitudanganya? Kijana hakukasirika. Akasema kimbunga moto wake ni bahari, maji yawe na joto la digrii 26 na nusu kwenda juu, tena joto lishuke chini sio juujuu tu, sasa upepo wa juu ukikikata kichwa au kikivuta hewa kavu kinazimika, na Jobo ilizimika hivo. Huku kwetu havifiki sana kwasababu tuko karibu na ikweta, pale dunia haikipi ule msukumo wa kuzunguka, vingi vinawashukia Madagaska na Msumbiji. Ila wazee wa Lindi wanajua habari ya kimbunga cha 1952.

Kilichonikaa mie ni hiki: upande wetu wa dunia kimbunga kinazunguka kama mshale wa saa, kwahiyo kikiwa mashariki yetu upepo unatupiga toka kusini. Na mwezi wa tano je, nani hapa angeshangaa upepo wa kusini? Tulisema kusi, upepo wetu wa msimu, limeingia, basi.

Halafu zile rangi za matangazo ya hali ya hewa, manjano ni angalizo, machungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa, kumbe kuna na maneno mawili tulikua hatuyasomi kabisa, uwezekano na athari. Uwezekano mdogo athari kubwa maana yake mara nyingi haitotokea, ila siku ikitokea inaondoka na boti. Hapo yule mzee akanyamaza, akaagiza kahawa.

Kwahiyo kamati imeamua, ikitoka machungwa boti zote zinapanda, asiyepandisha, boti ikivunjika mfuko wa chama haumfidii. Najua kuna walionuna. Kuvuta boti kubwa ni watu 20 na hela, ndo maana tunaomba elfu 2 kila mwezi ya kamba na magogo. Katibu ataandika utabiri ubaoni pale diko kila saa kumi jioni, wa simu za kitochi msije mkasema hamkuambiwa.

Maswali baada ya mhazini.